Jaribio linasema "haijasimbwa" ilhali imesimbwa: kusoma misimbo ya hitilafu ya fscrypt kwenye Linux

Majaribio ya kugundua kama saraka imesimbwa kwa njia fiche huharibika kwa namna mbili. Kuna ya kelele: jaribio linaanguka kwenye mashine ya mwenzako, kila mtu anaona, mnakaa mnarekebisha. Halafu kuna ya kimya: jaribio linapita, linaandika "haijasimbwa" au "mfumo hauna usimbaji", na hakuna anayeuliza kitu kwa miezi. Hiyo ya kimya ndiyo mbaya, kwa sababu kuna watu wanaoitegemea data hiyo iwe siri. Karibu kila mara chanzo ni kilekile: mwandishi wa jaribio amechukua kila hitilafu ya ioctl (ombi ambalo programu hulituma kwa kerneli kuhusu faili au kifaa) akaipa maana moja, "hapana".

Ninazungumzia fscrypt, yaani usimbaji uliomo ndani ya mfumo wa faili wenyewe kwenye kerneli ya Linux. ext4 iliupata kwenye kerneli 4.1 mwaka 2015, F2FS ikafuata, kisha UBIFS. Jaribio la kugundua usimbaji huu huuliza kerneli kwa FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY_EX, au hujaribu kuweka sera mpya (policy, yaani maelezo ya namna saraka itakavyosimbwa) kwa FS_IOC_SET_ENCRYPTION_POLICY na kuangalia kinachorudi. Majibu yanayowezekana ni zaidi ya mawili. Kuna ndiyo, kuna hapana, kuna "hapa siwezi kujua", na kuna "jaribio lenyewe ni bovu". Ukizitenganisha hizo nne, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza pata msimbo halisi

Usianze kukisia kutokana na ujumbe ulioandikwa na programu ya katikati. Endesha jaribio chini ya strace, programu inayoonyesha maombi ambayo programu nyingine inaituma kerneli:

    strace -f -e trace=ioctl ./jaribio

Tafuta mstari wenye jina la ioctl yako. Utaona pia mistari ya TCGETS ikirudisha ENOTTY. Hiyo ni programu inayoangalia kama imeunganishwa na terminali, haihusiani na usimbaji, na wapo wanaopotea hapo hapo kwa kudhani wamepata jibu lao.

Ndani ya C, hifadhi errno (mahali unaposoma msimbo wa hitilafu ya mwisho) kabla ya kugusa kitu kingine chochote:

    int r = ioctl(fd, FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY_EX, &arg);
    int kosa = r < 0 ? errno : 0;
    close(fd);

Ukiweka close() au fprintf() katikati, thamani ya errno inaweza kubadilika, nawe ukasoma kosa la kitu kingine. Na linganisha kwa jina, kamwe si kwa namba. EOPNOTSUPP ni 95 kwenye x86 na ARM, lakini ni 122 kwenye MIPS. ENOKEY ni 126 kwenye x86 na ARM, na 161 kwenye MIPS. Jaribio lenye "if kosa == 95" litafanya kazi kwako na kumdanganya mtu mwenye ruta ya MIPS.

Dalili: ENOTTY

Ujumbe wake, "Inappropriate ioctl for device", hausaidii sana. Kerneli inachosema ni kwamba aliyepokea ombi halijui kabisa ombi hilo. ENOTTY ni mwenye duka kukwambia hajawahi kuisikia bidhaa hiyo. EOPNOTSUPP, tutakayoifikia, ni kukwambia huwa anaiuza ila kwake leo haipo.

Chanzo cha kawaida kabisa: jaribio linaendeshwa mahali ambapo hukukusudia. Programu nyingi hutengeneza saraka ya muda ndani ya /tmp, na kwenye mashine nyingi /tmp ni tmpfs (mfumo wa faili unaokaa kwenye kumbukumbu). Ndani ya kontena, mzizi wa mfumo kwa kawaida ni overlayfs (mfumo wa faili unaopanga saraka kwa matabaka), hata kama diski iliyo chini yake ni ext4 yenye usimbaji uliowashwa barabara. Angalia:

    stat -f -c %T /njia/ya/jaribio

Ukiona tmpfs au overlayfs, kerneli haina kosa. Pachika (mount) diski halisi ndani ya kontena na ulielekeze jaribio huko.

Chanzo cha pili ni umri wa kerneli. FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY_EX ilikuja na kerneli 5.4, mwishoni mwa 2019, pamoja na sera za toleo la pili. Kerneli ya zamani zaidi itarudisha ENOTTY kwa ombi hilo hata kwenye ext4 iliyosimbwa. Kwa hiyo ENOTTY kutoka kwa ombi lenye _EX bado si jibu. Rudia na FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY ya zamani, na ukipata ENOTTY tena ndipo useme mfumo huu wa faili hauna fscrypt.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowachosha watu zaidi, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa: namba ya ioctl imekosewa. Hutokea pale unapoandika jaribio kwa Python au lugha nyingine isiyosoma faili za vichwa za C, ukalazimika kuikokotoa namba mwenyewe. Mtu mwenye akili timamu atasema kuweka sera ni kuandika, hivyo _IOW, na kusoma sera ni kusoma, hivyo _IOR. Faili ya kichwa ya Linux ina kinyume chake:

    FS_IOC_SET_ENCRYPTION_POLICY     _IOR('f', 19, ...)
    FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY     _IOW('f', 21, ...)
    FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY_EX  _IOWR('f', 22, __u8[9])

Mielekeo iligeuzwa tangu mwanzo na haiwezi kurekebishwa bila kuvunja programu zilizopo. Kwenye x86 namba sahihi ni 0x800c6613, 0x400c6615 na 0xc0096616. Ukiigeuza hata moja kwa kufuata mantiki, kerneli itajibu ENOTTY kwa adabu, jaribio lako litasema "hakuna usimbaji", na hakuna onyo lolote litakalotokea popote. Kagua namba hizi kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Na kwa kuwa MIPS, PowerPC na SPARC hupanga biti za mwelekeo tofauti, usizinakili namba za x86 kwenda huko, zikokotoe upya.

Dalili: EOPNOTSUPP

Hapa mfumo wa faili unalijua ombi, lakini haukuwezeshwa. Kuna njia mbili za kufika hapa, na zina maana tofauti kwa jaribio la kugundua.

Ya kwanza: diski ya ext4 haina bendera ya encrypt kwenye superblock yake (sehemu inayohifadhi taarifa za mfumo wa faili wenyewe). Thibitisha:

    dumpe2fs -h /dev/sdX | grep features

Kama neno encrypt halipo, hakuna saraka yoyote kwenye diski hiyo iliyosimbwa na fscrypt. Jibu la "hapana" ni halali. Ukitaka kuiwasha, ni tune2fs -O encrypt, lakini usifanye hivyo haraka haraka kwenye diski yenye /boot: GRUB (programu inayowasha mfumo) iliyo chini ya 2.04 haiwezi kusoma ext4 yenye bendera hiyo, na mashine haitawaka.

Ya pili: kerneli ilijengwa bila CONFIG_FS_ENCRYPTION (kabla ya 5.1 kila mfumo wa faili ulikuwa na chaguo lake). Hapa "hapana" si halali hata kidogo. Diski inaweza kuwa na bendera, inaweza kuwa na saraka zilizosimbwa na kerneli nyingine, ila kerneli ya sasa haina namna ya kukuambia. Jaribio linapaswa kujirusha (skip) na kueleza sababu.

Kuna ndugu yake wa kuangaliwa: "Unknown error 524". Hiyo ni ENOTSUPP, msimbo wa ndani ya kerneli ambao haukupaswa kumfikia mtumiaji. Ukiiona, usiiongeze kwenye orodha ya misimbo ya "haina uwezo" ili jaribio lipite. Hiyo ni kasoro ya kerneli au dereva, na inastahili kuripotiwa.

Dalili: EINVAL

EINVAL ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote, maana watu huiona kama takataka: "nimetuma kitu kibaya." Wakati wa kuweka sera, kweli mara nyingi umetuma kitu kibaya. Namba ya toleo kwa sera ya toleo la kwanza ni 0, na kwa sera ya toleo la pili ni 2. Hakuna 1. Anayeandika version = 1 kwa kudhani anaomba toleo la kwanza atapata EINVAL kwenye kila kerneli duniani. Vivyo hivyo kwa anayetuma sera ya toleo la pili kwenye kerneli iliyo chini ya 5.4, na kwa anayesahau kufuta kumbukumbu ya muundo kwa memset, akaacha takataka kwenye baiti zilizohifadhiwa.

Wakati wa kusoma sera, mambo yanageuka. Ukitumia FS_IOC_GET_ENCRYPTION_POLICY ya zamani kwenye saraka yenye sera ya toleo la pili, kerneli inarudisha EINVAL kwa sababu muundo wa zamani hauwezi kubeba sera hiyo. Yaani saraka IMESIMBWA, tena kwa njia mpya na bora zaidi, na jaribio lako linaandika "haijasimbwa". Hata ombi lenye _EX hurudisha EINVAL pale faili inapotumia toleo la sera ambalo kerneli hailitambui.

EOVERFLOW ni hivyo hivyo. Inamaanisha sera ipo lakini nafasi uliyotoa haitoshi. Kwa kawaida umesahau kujaza policy_size kabla ya kuita. Ajabu yake ni kwamba kwenye faili isiyosimbwa jaribio hilo hilo litarudisha ENODATA bila tatizo, hivyo kasoro haionekani mpaka ukutane na faili iliyosimbwa kweli.

Kwa ombi la kusoma, basi, "hapana" iliyo wazi ni moja tu: ENODATA. Hivi ndivyo ningeandika tafsiri yake:

    switch (kosa) {
    case 0:
    case EOVERFLOW:   return NDIYO;
    case ENODATA:     return HAPANA;
    case EINVAL:      return uliza_statx(fd);
    case ENOTTY:      return jaribu_ombi_la_zamani(fd);
    case EOPNOTSUPP:  return HAIJULIKANI;
    default:          return KASORO;
    }

Mstari wa default ndio ninaoupigania. Usiufanye HAPANA. Siku moja utatokea msimbo usioutarajia, EIO kutoka diski inayokufa kwa mfano, na ni heri jaribio lipige kelele kuliko kumhakikishia mtu jambo lisilojulikana.

Kazi ya uliza_statx ni kuangalia STATX_ATTR_ENCRYPTED. statx imekuwepo tangu kerneli 4.11. Lakini biti kutokuwepo kwenye stx_attributes hakutoshi: angalia kwanza stx_attributes_mask. Kama biti haimo kwenye mask, mfumo huo wa faili hautoi taarifa hiyo kabisa, na sifuri yake haina maana.

Dalili: inapita kwa root, inaanguka kwa mtumiaji wa kawaida

Kwenye kontena lako unaendesha kama root, kwenye seva ya majaribio ni mtumiaji wa kawaida. Ukiweka sera ya toleo la pili bila kwanza kuongeza ufunguo, root anapita kwa sababu ana CAP_FOWNER (ruhusa ya kupita ukaguzi wa umiliki wa faili), mtumiaji wa kawaida anapata ENOKEY. Dawa si sudo. Ongeza ufunguo kwa FS_IOC_ADD_ENCRYPTION_KEY kwanza, kama programu halisi ingefanya.

EACCES hapa inamaanisha saraka si yako. EPERM ni jambo jingine: umejaribu kusimba saraka ya mzizi ya ext4, jambo ambalo haliruhusiwi. Tengeneza saraka ndogo ndani yake, iwe tupu, maana yenye kitu itakupa ENOTEMPTY. EEXIST inasema saraka tayari ina sera tofauti. Kwa swali la kugundua hiyo ni ndiyo kamili, ingawa kwa jaribio linalotaka kuanza upya ni dalili kwamba usafi wa awamu iliyopita haukufanyika.

Dalili: sera imekubalika, lakini faili haiundiki

Kama kosa ni ENOKEY, usimbaji unafanya kazi sawasawa: saraka imefungwa na ufunguo haupo. Sera ya toleo la kwanza inawekwa bila ufunguo wowote, kwa hiyo hali hii ni ya kawaida kabisa. Kerneli zilizo kabla ya usafishaji wa misimbo wa 2017 zilitoa ENOENT, EACCES au EPERM kwa hali hiyo hiyo, bila mpangilio hata ndani ya mfumo mmoja wa faili. Kama bado unazihudumia kerneli hizo, zikubali zote tatu, lakini kwenye tawi la zamani peke yake.

ENOPKG ni habari nyingine. Sera imekubaliwa, ufunguo upo, ila kerneli haina algorithimu uliyoomba, labda XTS haikujengwa ndani yake. Soma dmesg (ujumbe wa kerneli), utakuta "Missing crypto API support" pamoja na jina la algorithimu. Jaribio linalopima uwezo kwa kuweka sera tu halitaiona hali hii kamwe, kwa hiyo baada ya kuweka sera, unda faili moja na kuiandikia.

Dalili: jaribio hurukwa kila mara, au hupita kila mara

Sasa tuko kwenye sheli. xfstests, mkusanyiko wa majaribio unaotumiwa na wajenzi wa mifumo ya faili ya Linux, hugundua uwezo wa usimbaji kwa kuunda mfumo wa faili wenye usimbaji, kuupachika, kuweka sera kwenye saraka ndogo, kisha kutafuta maneno "Inappropriate ioctl for device" au "Operation not supported" kwenye matokeo. Ni njia nzuri, na inafanya kazi kule kwa sababu mazingira yake yamedhibitiwa. Wengi huinakili bila mazingira hayo.

Maneno ya hitilafu hufuata lugha ya mashine. Kwenye mashine ya Kifaransa grep haitapata kitu, na jaribio litaendelea kana kwamba usimbaji upo. Weka LC_ALL=C. Hata hivyo kwenye Alpine, inayotumia musl (maktaba ya C), maneno ya ENOTTY ni "Not a tty", hata ukiweka LC_ALL gani. Hapo afadhali programu ndogo ya C inayochapisha jina la msimbo.

Kisha kuna paipu. Kwenye "amri | grep -q neno", msimbo unaorudi ni wa grep. Amri ikianguka kabisa, kwa mfano haikupatikana kwenye PATH, hutajua. Tumia set -o pipefail, au weka matokeo kwenye faili kwanza.

Na unapojirusha, tumia msimbo ambao mfumo wako wa majaribio unaujua. Automake inatambua 77, kselftest ya kerneli inatumia 4, LTP (Linux Test Project) inatumia 32 kwa TCONF. Ukirudisha 0 umetangaza ushindi bila kupima, na ukirudisha 77 ndani ya kselftest utahesabiwa umeanguka.

Dalili: diski ina LUKS, jaribio linasema hapana

Liko sahihi. LUKS husimba chini ya mfumo wa faili, na ext4 iliyo juu yake haijui kitu. Hilo ni swali la kifaa: blkid itaonyesha crypto_LUKS, na cryptsetup isLuks hurudisha 0 kikiwa LUKS. Tahadhari ni ile ile ya mwanzo. Ukiiendesha bila ruhusa ya kufungua kifaa itarudisha msimbo usio sifuri, na "if cryptsetup isLuks" itaelekea kwenye tawi la "haijasimbwa".

Kulipima jaribio lenyewe

Kila tawi la ile switch linaweza kuzalishwa kwa makusudi, na hadi uyaone yote yakitokea, usiliamini. Tengeneza picha mbili za diski:

    truncate -s 64M na.img bila.img
    mkfs.ext4 -q -F -b 4096 -O encrypt na.img
    mkfs.ext4 -q -F -b 4096 bila.img

Chaguo -b 4096 si pambo. Kwenye diski ndogo hivi mkfs.ext4 huchagua bloku za baiti 1024, na kerneli zilizo chini ya 5.5 hukataa kupachika ext4 yenye usimbaji ikiwa bloku hailingani na ukurasa wa kumbukumbu. Ujumbe wa mount hautasema hivyo. Dmesg ndiyo itasema "Unsupported blocksize for fs encryption".

Zipachike kwa mount -o loop. Saraka mpya kwenye na.img inakupa ENODATA, ukiiwekea sera inakupa 0, na ukisahau policy_size inakupa EOVERFLOW. Kwenye bila.img utapata EOPNOTSUPP, na kwenye /dev/shm, ambayo ni tmpfs, utapata ENOTTY. Iliyobaki ni misimbo isiyozalishika kirahisi, na kwa hiyo strace inaweza kuichomeka:

    strace -e trace=ioctl -e inject=ioctl:error=EIO:when=1 ./jaribio /mnt/na/siri

Kama programu yako huita ioctl nyingine kabla, pandisha namba ya when hadi iangukie ombi la fscrypt. Jaribio likiandika HAPANA hapo, rudi kwenye default.